Jembe, Ng'ombe na Trekta Dogo: Habari za Kilimo Ilemba na Swali la Fundi



Kamati ya Jubilei ya miaka mia moja ya usharika wetu iliniomba niandike sura fupi juu ya kazi ya mikono katika maisha ya Mkristo. Wenzangu wameandika juu ya kwaya, majengo, shule na wainjilisti waliotutangulia. Mimi, mtoto wa usharika huu niliyetumwa kuhudumu Ilemba katika bonde la Ziwa Rukwa, nimechagua kuandika juu ya chombo kisichohusiana na altare wala kengele, ambacho hata hivyo nusura kituvunje: trekta dogo. Ili habari hiyo ieleweke, sina budi kuanza mbali.

Jembe lililokuwa na fundi wake

Wafipa walijua chuma kabla ya kumjua mfanyabiashara wa chuma. Walijenga tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, linalompita mtu kimo, wakalijaza makaa na mawe yenye chuma, na moto ukavuta hewa wenyewe bila mivuo. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe. Kazi hiyo iliendelea hadi ndani ya karne ya 20, na mabaki ya matanuri hayo yameonekana sehemu mbalimbali za Ufipa.

Kwa jembe hilo wakulima wa uwandani walijenga matuta ya ntumba. Majani hukatuliwa pamoja na udongo mvua zinapoelekea mwisho, yakafukiwa ndani ya tuta la mviringo ili yaoze, na msimu unaofuata tuta hubomolewa na kusambazwa ili kupanda ulezi au mahindi. Huo ulikuwa utaalamu wa kurutubisha ardhi bila mbolea ya dukani. Jembe lilipokatika, mhunzi alikuwa jirani. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Vifaru vilivyogeuzwa matrekta

Nabii Isaya aliona siku ambayo silaha zitafuliwa kuwa majembe. Hapa Tanganyika jambo linalofanana na hilo lilitendeka kwa macho ya watu, lakini matunda yake hayakuwa yale ya nabii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili, na baadhi yaliundwa kutokana na vifaru aina ya Sherman, yakaitwa Shervick. Mizizi ya vichaka na udongo unaokauka ukawa mgumu mno viliyashinda. Vipuri vilikuwa mbali, na madereva walikuwa hawajafundishwa ipasavyo. Mpango huo ulifutwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Baada ya Uhuru tumaini la trekta halikufa. Mwalimu Nyerere, alipoapishwa kuwa Rais mwezi Desemba 1962, aliwaeleza wananchi kwamba wasipokaa pamoja vijijini hawataweza kuyatumia matrekta. Serikali ilijenga makazi ya mfano yenye mashine, lakini gharama ziliyalemea, na mwaka 1966 ikatangazwa kwamba mengine ya namna hiyo hayataanzishwa. Mwalimu mwenyewe akawa anahimiza hatua iliyo karibu zaidi na mkulima, yaani jembe la kukokotwa na ng'ombe.

Mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974, ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Sehemu kubwa ya jasho hilo ilikuwa ya mkono na ya maksai. Katika bonde la Rukwa wafugaji Wasukuma waliohamia na mifugo yao walizidi kueneza matumizi ya plau. Ng'ombe ana sifa moja isiyoandikwa katika kitabu cha maelekezo: akiumwa, jirani anajua dawa.

Trekta linashuka Lyamba lya Mfipa

Mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, na mashine za kusukuma kwa mkono, tulizoziita pawatila, zikaenea nchini. Zilifaa katika majaruba ya mpunga na katika kuvuta tela, lakini mahali penye udongo mgumu zilionekana kuwa nyepesi. Miaka michache baadaye kikundi cha washarika wetu bondeni kilikubaliana kununua chombo kikubwa kidogo kuliko hizo: trekta jipya la magurudumu manne, lenye nguvu isiyofika farasi 40, pamoja na jembe la sahani na tela.

Siku liliposhuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, watoto walilikimbilia kwa vigelegele. Nililiombea kwa sala ndefu. Nilipomaliza, mama mmoja mjane, aliyekuwa ametoa mchango wake wote mapema, aliniuliza, "Baba Mchungaji, fundi wa chombo hiki anakaa wapi?"

Nilimjibu, "Mama, chombo ni kipya, hakihitaji fundi."

Jibu hilo lilikuwa la kipumbavu, nami nalikiri mbele ya wasomaji. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Orodha ya mashamba ilipopangwa, la kwanza lilikuwa la mchungaji, yakafuata ya wazee wa kanisa. Wajane waliwekwa mwisho, ingawa walikuwa wamekwisha kulipa.

Trekta jipya hutaka upole. Vitabu vya maelekezo huagiza kwamba katika saa 50 za kwanza za injini lisibebeshwe mzigo mzito, na kwamba oili ya kwanza ibadilishwe mapema, kwa sababu vyuma vipya bado vinasuguana na kuzoeana. Sisi tulililimisha tangu alfajiri hadi giza. Dizeli tulinunua kwa madumu, bila kuichuja. Mvua zilipokolea, injini ilianza kukohoa, kisha ikazima katikati ya shamba.

Lilisimama wiki tatu. Barabara ya kupanda uwandani ilikuwa utelezi, na fundi alikuwa Sumbawanga mjini. Alipofika alibadilisha chujio la dizeli lililojaa maji na uchafu, akatoa hewa katika mabomba ya mafuta, na injini ikawaka kabla chai haijapoa. Kazi ya muda mfupi ilikuwa imetugharimu msimu. Mashamba ya wazee yalikuwa yameota. Ya wajane yalikuwa majani. Yule mama alikwisha kuazima maksai wa jirani yake Msukuma, akapanda kwa kuchelewa. Jumapili iliyofuata viti kadhaa vilikuwa vitupu, na wapo waliosita kuja kwenye Meza ya Bwana. Hawakuwa wakimkwepa Mungu. Walikuwa wakitukwepa sisi.

Tulilojifunza

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, tunasoma kwamba Waisraeli hawakuwa na mhunzi katika nchi yao, hivyo iliwabidi kushuka kwa Wafilisti kunoa majembe yao. Niliwahi kufundishwa aya hizo chuoni kama habari za vita. Ilemba nilizielewa kama habari za kilimo. Watu ambao babu zao walifua jembe lao wenyewe tulikuwa tumegeuka kuwa watu wa kusubiri kipuri.

Tulikutana, nikaomba msamaha hadharani, na fedha za wajane zikarudishwa. Tuliwapeleka vijana wawili, wa kiume na wa kike, wakae na fundi mjini hadi wajue matengenezo ya kawaida. Tuliweka daftari la saa za injini na oili, sanduku la vichujio na mikanda, na mfuko wa matengenezo unaotolewa katika kila ekari kabla ya gawio lolote. Dizeli ikachujwa kwa kitambaa safi na kuachwa itulie. Shamba la mchungaji likawa la mwisho. Wala hatukuwauza ng'ombe, kwa kuwa mahali palipo na tope zito trekta huzama ambapo maksai hupita.

Msimu wa pili yule mama alikuja na jembe lake begani kuangalia trekta likilima kwake. Lilipokwama kidogo, binti wetu alishuka, akafungua boneti, akasafisha chujio la hewa, akaendelea. Mama akanitazama na kusema, "Sasa nimemwona fundi."

Usharika wetu unapoingia karne yake ya pili, utapokea vyombo vingi: magari, kompyuta, mitambo ya umeme wa jua. Wageni wetu wa dayosisi na marafiki wa mbali watatusaidia, nasi tutashukuru. Lakini kabla ya kukata utepe na kuomba, naomba wazee wa kanisa wauulize mkutano maswali mawili: fundi wake ni nani miongoni mwetu, na shamba la kwanza ni la nani?

Mungu aubariki usharika wetu, na kazi ya mikono yetu aithibitishe.