Aliyetaka Kuona Kwanza

Sisi waumini huwaogopa watu wenye mashaka. Maisha ya Malcolm Muggeridge, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903, yanatufundisha vingine.

Mwaka 1932 alikwenda Moscow kama mwandishi wa habari, akiutumainia ukomunisti. Mwaka uliofuata alipanda treni bila kibali mpaka Ukraina, akaona wakulima wakifa kwa njaa, akaandika alichokiona. Wengi hawakumsadiki. Baadaye, akiwahoji wakubwa katika televisheni ya BBC, alijulikana kwa maswali makali na dhihaka.

Mwaka 1969 alikwenda Kalkuta kutengeneza filamu juu ya Mama Teresa. Nyumba ya watu walio kufani ilikuwa na giza, na mpigapicha Ken Macmillan aliona kazi haiwezekani. Lakini picha zikatoka na nuru nzuri. Muggeridge akasema ni muujiza. Macmillan akasema ni mkanda mpya wa Kodak.

Hatuna haja ya kuwaamua. Masista waliowaosha na kuwalisha maskini mle ndani hawakuitegemea kamera. Muggeridge aliwaona kwa macho yake, kama alivyoiona njaa, na hakuweza kuwakana. Hata hivyo hakufanya haraka: alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1982, akiwa na miaka 79.

Basi, kijana mwenye maswali akija kwetu, tusimfukuze kwa kumwita mpinzani. Tomaso naye aliomba kuona, na Bwana akamwonyesha. Tujiulize sisi: huyu akija kutazama, ataona nini kwetu?