Kikapu cha mayai na mungu wa kike: saloni mbili za magari Paris, 1948 na 1955



Juma iliyopita tulikuwa vijana watano tumeinamia simu moja, tunaangalia picha za ndani ya magari mapya. Mmoja anasifu kioo cha tablo, kikubwa kama televisheni. Mwingine anataka viti vya ngozi nyeupe. Wa tatu anasema bila taa za bluu kwenye milango, hiyo haiko gari. Kati yetu hakuna hata mmoja mwenye gari, lakini tulibishana karibu saa nzima! Mimi nikabaki na swali moja: huyu aliyechora ndani ya gari, alikuwa anamwona nani amekaa pale?

Swali hilo liko na historia. Tunaweza kuisoma vizuri kwenye saloni ya magari ya Paris, chini ya dari la vioo la Grand Palais, mara mbili: Oktoba 1948 na Oktoba 1955. Kampuni ni ileile, Citroën. Injenia mkubwa ni yuleyule, André Lefèbvre. Mchoraji ni yuleyule, Flaminio Bertoni, Mwitaliano aliyekuwa pia mchongaji wa sanamu. Lakini ukifungua milango ya yale magari mawili, utasema ni nyumba za watu wasiojuana kabisa.

1. Agizo la viazi

Mwaka 1934 Citroën ilishindwa na madeni, ikaingia mikononi mwa Michelin, watengenezaji wa mipira ya magari. Kati ya wakubwa waliotoka Michelin alikuwako Pierre-Jules Boulanger. Wakati ule wakulima wengi wa Ufaransa walikuwa bado wanapeleka mazao sokoni kwa farasi na mkokoteni. Boulanger akaagiza gari ndogo kabisa: ibebe wakulima wawili waliovaa viatu vya mbao pamoja na kilo 50 za viazi, iende kilometa 60 kwa saa, na itumie litre 3 za esansi kwa kilometa 100. Kuna na sharti lingine ambalo linasimuliwa mpaka leo: gari ipite katikati ya shamba lililolimwa na kikapu cha mayai ndani, na hata yai moja lisivunjike.

Sisi wa agronomia tunajua shamba lililolimwa. Ni tuta, mfereji, tuta, mfereji. Mtu aliyeweka sharti hilo hakuanza kwa kuuliza gari ifanane na nini. Aliuliza itabeba nini, na ipite wapi.

Mwaka 1939 gari kama 250 za kwanza zilitayarishwa kwa saloni ya Oktoba. Vita ikaanza Septemba, saloni ikafutwa. Nyingi ya zile gari ziliharibiwa, chache zikafichwa ili Wajerumani wasizipate. Ndiyo maana dunia iliiona 2CV tarehe 7 Oktoba 1948 tu, mbele ya rais Vincent Auriol.

Watu walicheka. Gari ilikuwa na rangi moja, kijivu. Injini yake ilikuwa ya cc 375, nguvu ya farasi 9 (ile "farasi 2" ya jina ni hesabu ya kodi). Waandishi wa habari waliifananisha na kopo la bati. Sasa tuingie ndani.

Viti ni mabomba ya chuma yenye kitambaa kilichoning'inizwa kwa mipira ya kuvutika. Unaweza kuvitoa, ukakalia nje wakati wa kula, na mahali pake ukapakia mzigo. Dari ni turubai inayokunjwa kwenda nyuma, kwa hiyo kitu kirefu kinasimama bila shida. Vioo vya milango ya mbele havishuki: nusu ya chini inakunjwa kwenda juu, maana ile mashine ya kushusha kioo ni uzito na ni feza. Kipimo cha mafuta hakuna. Unachovya kijiti ndani ya tanki, unaangalia. Zile fimbo za kupangusa mvua zinazungushwa na kamba ileile ya kipimo cha mwendo: ukienda polepole, nazo zinapangusa polepole. Na inasimuliwa kwamba Boulanger, aliyekuwa mtu mrefu, alikuwa anaingia na kofia yake kichwani. Kofia ikigusa dari, mchoro unarudi kwa mafundi.

Wenye kucheka walinyamaza haraka. Maombi yalikuwa mengi mpaka watu wakangoja miaka, na kampuni ikawa inatanguliza wale ambao kazi yao inawapeleka vijijini: wakulima, waganga, mapadri. Boulanger mwenyewe hakuona mengi ya hayo, alikufa katika ajali ya gari mwaka 1950.

2. Mungu wa kike

Miaka saba baadaye, kwenye saloni ileile, Citroën ikafunua DS. Kwa Kifaransa zile herufi mbili zinasikika kama "déesse", maana yake mungu wa kike. Siku ya kwanza peke yake waliandikisha maombi karibu 12,000. Mwaka 1957 Roland Barthes akaandika juu yake katika kitabu Mythologies. Aliyaweka magari sawa na yale makanisa makubwa ya zamani, na akaeleza namna watu saloni walivyokuwa wanaipapasa gari kwa mikono.

Ndani, kweli ilikuwa dunia nyingine. Usukani ulikuwa na mkono mmoja tu, badala ya miwili ama mitatu. Tablo ya plastiki ilipinda kama kitu kilichochongwa na mchongaji, na ndivyo ilivyokuwa. Viti vilikuwa vinene, vya povu laini, ni kama umeketi sebuleni. Pedali ya kawaida ya freni haikuwepo, bali kitufe cha mviringo kama uyoga pale sakafuni. Chini, mahali pa resori, kulikuwa na mafuta na gesi vilivyoinua gari na kuisawazisha vyenyewe. Dereva aliweza hata kuiinua zaidi kwa mkono mmoja wa chuma akipita barabara mbaya.

Nisieleweke vibaya. DS haikuwa urembo mtupu. Ilishika barabara vizuri kuliko nyingi za wakati wake, na ilikuwa na freni za diski mbele. Lakini gari za kwanza zilisumbua: yale mafuta ya ndani yalivuja, na fundi wa kijijini aliyezoea spana na nyundo alifungua kapo akashika kichwa. Haikupita muda kampuni ikatoa ID, ndugu yake mwenye bei ya chini na mambo machache.

DS ilitengenezwa mpaka 1975, karibu milioni 1.45. 2CV ilitengenezwa mpaka 1990, zaidi ya milioni 3.8.

3. Mikono ileile, swali lingine

Njo hapa ninapotaka tusimame. Mara nyingi tunasema kitu cha maskini ni kibaya juu kilitengenezwa na fundi mdogo. Historia hii inakataa. Lefèbvre na Bertoni ndio waliofanya zote mbili. Kilichobadilika ni swali waliloulizwa. Kwa 2CV waliulizwa: mayai yatafika? Kwa DS waliulizwa: kesho itafanana na nini? Na walitumia akili yote pande zote mbili. Kile kijiti cha kupimia mafuta kilihitaji ujasiri kama ule usukani wa mkono mmoja.

Lakini tusiipambe sana hadithi. Hakuna mkulima aliyeketi katika ofisi ya Boulanger. Bwana mkubwa ndiye aliyeamua mkulima anahitaji nini. Bahati yake ni kwamba alikubali kupimwa na vitu vya kweli: viatu, viazi, mayai, kofia.

4. Na kwetu?

Sisi huku Mashariki, na ndugu zetu wa Katanga, tunapanda magari yaliyofikiriwa kwa watu wengine. Angalia Hiace ya mtumba kutoka Japani. Kule wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto, pale kwenye ukingo wa barabara. Fundi alifikiri vizuri kabisa. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume. Ile gari ikifika kwetu kama ilivyo, mlango unafungukia katikati ya barabara. Mama anashuka na mtoto mgongoni, na pikipiki zinapita mbio mbele ya magoti yake. Tumelizoea jambo hilo mpaka hatulioni tena, na tunabishana juu ya ngozi nyeupe.

Hata mimi siko msafi. Wakati wa stage yangu, tulipeleka kwa kikundi cha wamama mashine ya kukwangua mihogo. Ilikuwa nzuri, imepakwa rangi, na hotuba zikatolewa. Mkono wake ulikuwa mrefu na mgumu. Mwenye mtoto mgongoni hakuweza kuuzungusha. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemwomba mama mmoja aizungushe kabla ya kuinunua. Nilivyorudi baada ya miezi, kuku walikuwa wamelala juu yake.

Sasa weka pembeni chukudu ya Goma. Ni mbao, na magurudumu mawili yaliyovikwa mpira. Haina kiti wala tablo. Lakini inashuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, mzigo unaopita mbali zile kilo 50 za Boulanger. Ikivunjika, inatengenezwa palepale kwa panga na misumari. Aliyeichonga ndiye mwenye viazi, ama jirani yake. Mji ukaijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, na watu wanapiga picha pale. Lakini ni wangapi kati yetu tuliokaa na fundi wa chukudu, tukamuuliza namna anavyochagua mti?

Wengi wetu tunatafuta kazi katika miradi. Siku moja utapewa kalamu uchore kitu: ghala, mashine, soko, pengine gari. Kabla ya kuchora, tafuta kikapu chako cha mayai. Na mkiweza, wandugu, mniandikie: pale munapoishi, ni kitu gani watu wanatumia kila siku ambacho mlango wake unafungukia barabarani?