Mbio za Vijana na Kitabu cha Ubatizo

Siku moja, hapa Likasi, baba mmoja alitujia katika ofisi ya parokia, akaomba mtoto wake aandikiwe cheti kipya cha ubatizo. Kile cha zamani hakikupotea. Bali mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo haukumfaa. Kijana wake ni mwepesi wa miguu, na wale waliokuwa wakichagua wakimbiaji walitaka vijana wa umri mdogo kuliko wake. "Ni namba moja tu, mwalimu," alisema. "Nani ataumia?" Tulikataa, naye akaenda zake kwa huzuni. Lakini neno lake lilibaki moyoni mwetu. Basi, tulitaka kujua mashindano ya vijana wa dunia yalianza namna gani, na kwa nini miaka huhesabiwa kwa ukali namna hii.

Mbio ni jambo la kale. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristu wa Korinto, aliwapa mfano wa wakimbiaji uwanjani wanaoshindania taji. Wakorinto walimwelewa mara moja, maana karibu na mji wao kulikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Karne nyingi zikapita. Tena katika nchi ile ile ya Wagiriki, mjini Athens, mwezi wa Julai 1986, wakakusanyika kwa mara ya kwanza vijana wa mataifa mengi kushindania ubingwa wa dunia wa riadha kwa wasiotimiza miaka 20. Tangu hapo mashindano hayo yamewekwa kila baada ya miaka miwili, kama ile michezo ya Korinto. Sheria yake ni nyepesi kueleza: anayetimiza miaka 20 kabla mwaka wa mashindano haujaisha, haruhusiwi kushindana.

Katika mashindano yale ya kwanza, Mwafrika mmoja alishangaza watu. Peter Chumba wa Kenya alishinda mbio za mita 5,000, akashinda na za mita 10,000. Wakati huo watu wa Ulaya walianza kuuliza vijana hawa wanatoka wapi. Sehemu ya jibu ilikuwa Iten, mji mdogo ulioko juu milimani, karibu mita 2,400 juu ya bahari. Pale pana shule ya Mtakatifu Patrik, iliyoanzishwa na Mabruda wa shirika la Mtakatifu Patrik kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika hapo Bruda Colm O'Connell kufundisha jiografia. Kwao hakuwa mwalimu wa mbio. Aliyajifunza mambo hayo huko huko, kwa kuwatazama wanafunzi wake kwa saburi. Mwanafunzi wake Peter Rono alishinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Baadaye Bruda huyo huyo alimlea David Rudisha. Rudisha alikuwa bingwa wa vijana wa mita 800 mjini Beijing mwaka 2006, na mwaka 2012, mjini London, alikimbia umbali huo kwa dakika 1 na sekunde 40.91, ambako hapakuwa na mtu aliyefika kabla yake.

Tutazame jambo hili vizuri. Kati ya ushindi wa Beijing na ule wa London ilipita miaka sita. Mlezi hakuwa na haraka. Aliuona uwanja wa vijana kuwa kama kitalu: mche huoteshwa pale, ukapata nguvu, kisha huhamishiwa shambani.

Na wengi wamepita katika kitalu hicho. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda mbio mbili za vijana mjini Seoul mwaka 1992, kabla hajawa bingwa wa Olimpiki mara mbili. Faith Kipyegon wa Kenya alishinda mita 1,500 za wasichana mjini Barcelona mwaka 2012. Tangu hapo amechukua dhahabu tatu za Olimpiki kwa umbali ule ule. Joshua Cheptegei wa Uganda alishinda mita 10,000 za vijana mjini Eugene, Marekani, mwaka 2014, akaja kuwa bingwa wa Olimpiki naye.

Afrika ilingoja muda mrefu kuwa mwenyeji. Mwaka 2017 Nairobi ilipokea mashindano ya wadogo zaidi, wasiotimiza miaka 18, nayo yalikuwa ya mwisho ya namna hiyo. Mashindano ya wasiotimiza miaka 20 yalikuwa yafanyike huko huko mwaka 2020, ila ugonjwa wa korona uliyaahirisha. Yakafanyika mwezi wa Agosti 2021, katika uwanja wa Kasarani, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Nchi kadhaa kubwa, Marekani mojawapo, hazikutuma vijana wao kwa ajili ya ugonjwa. Wenyeji walipata dhahabu 8, wakawa wa kwanza katika mataifa yote.

Kati ya dhahabu hizo, moja yatupasa kuikumbuka. Emmanuel Wanyonyi, aliyetimiza miaka 17 mwezi ule ule, alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.76. Kijana huyo katika utoto wake aliacha shule kwa umaskini, akachunga ng'ombe za watu. Baadaye alirudi shuleni, akapata mlezi, Janeth Jepkosgei, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa vijana mwaka 2002 na bingwa wa dunia mwaka 2007. Mwaka 2024, mjini Paris, mchunga ng'ombe yule alivikwa dhahabu ya Olimpiki.

Sasa turudi kwa baba yetu na swali lake: nani ataumia? Njia ya mkimbiaji wa mita 800 ni moja, na nafasi uwanjani ni za kuhesabika. Mtu wa miaka 22 akijiita wa miaka 18, yuko mtoto wa kweli wa miaka 18 aliyebaki nyumbani. Labda naye ni mchunga ng'ombe, au mtoto wa mchimba madini wa hapa kwetu. Hatumjui jina, wala hatutalijua kamwe, maana ameondolewa kabla hajaonekana. Huyo ndiye anayeumia. Na yule mwenye cheti cha uongo huumia pia: hushinda watoto, akajidhani mkubwa, akifika kwa watu wazima, hana alichojifunza.

Lakini tusiwalaumu wazazi tu. Watoto wengi wa Kongo hawaandikishwi wanapozaliwa, ijapokuwa sheria yataka mzazi aende kwa serikali kabla siku 90 hazijapita. Kwa wengi wao, kitabu cha ubatizo ndicho kinachowashuhudia. Kwa hiyo kalamu ya katekista si kitu kidogo. Tukiandika bila kuangalia, au tukibadili kwa huruma, tunauharibu ushuhuda wa watoto wote wa parokia, maana nani atasadiki ukurasa wa pili akijua wa kwanza ni wa uongo?

Kijana wa baba yule alitujia mwenyewe baadaye, amekasirika. Tulimweleza habari za Paul Tergat wa Kenya, aliyeanza kukimbia kwa bidii akiwa tayari jeshini, umri wa vijana umekwisha kumpita. Tergat alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, tangu 1995 hadi 1999. Kijana alisikiliza, hakusema neno. Siku hizi, mapema asubuhi, tukienda kufungua kanisa, twamwona akipita mbio barabarani pamoja na watu wazima. Bado yuko nyuma yao. Lakini anakimbia kwa umri wake.