Wapenzi wa Jinsia Moja katika Filamu za Kenya
Mwaka 2014 kundi la Nest la Nairobi lilitoa Stories of Our Lives, filamu fupi tano zilizotokana na visa vya Wakenya wenyewe. Ndiyo maana wahusika wake ni watu kamili, wenye kazi, woga na mapenzi, si vichekesho wala vitisho. Ilipigwa marufuku.

Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018. Kena na Ziki, wasichana wanaopendana katika filamu hiyo, ni mabinti wa wanasiasa wanaoshindana. Bodi ya filamu ilitaka mwisho wenye matumaini ubadilishwe. Kahiu alikataa, na alifanya vyema, ingawa filamu ilipigwa marufuku. Septemba mwaka huo mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa.