Barua Isiyovuka Lango: Wanafunzi wa Udaktari Wenye Ulemavu na Mafunzo ya Wodini

Umoja ilipojengwa miaka ya 1970 na Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, ilikuwa mtaa wa nyumba za chini, kila mwenyeji akiachiwa nafasi ya kuongeza vyumba kadiri atakavyojaliwa. Wenyeji waliongeza kweli, ila walielekea juu. Leo eneo lake la Innercore ni msitu wa maghorofa ya orofa tano, sita, hata saba, mengi hayana lifti, na ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba godoro la futi sita kwa sita hupandishwa likiwa limekunjwa. Vyumba vya chini ni vya kinyozi, duka na M-Pesa. Mwanafunzi wa udaktari anayetumia kiti cha magurudumu akitafuta chumba cha bei nafuu humu, ataonyeshwa cha orofa ya nne.

Si mbali na hapo ipo Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyojengwa kwa msaada wa China ili wagonjwa wa Eastlands wasilazimike wote kukimbilia Hospitali ya Kenyatta. Nimeanzia ngazini, nje ya darasa, kwa makusudi. Tukijadili wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vya udaktari, mazungumzo huishia darasani: muda wa ziada katika mtihani, maandishi makubwa, kiti cha mbele. Nadai kwamba darasa ndilo sehemu rahisi. Mwanafunzi hukwama pale anapotoka chuoni kwenda kujifunzia kwa mgonjwa, na hukwama kwa sababu ambayo haihusiani sana na mwili wake.

Kwanza neno. Nimewahi kukuta waraka uliotafsiri haki inayoitwa kwa Kiingereza “reasonable accommodation” kuwa “malazi”, kana kwamba mwanafunzi aliomba kitanda. Hapa nitasema marekebisho stahiki: kubadili njia ya kufundisha, kufanya kazi au kutahini, bila kushusha kile kinachotakiwa kujulikana. Kisheria hatuna upungufu mkubwa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya kuingia katika taasisi za elimu na kupata vifaa vya kukabiliana na vikwazo vya ulemavu. Na mwaka 2025 tulipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Lakini sheria iliyoitangulia, ya mwaka 2003, ndiyo inayonivutia zaidi. Sehemu yake ya 18 ilikataza taasisi kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake, mradi ana uwezo wa kujifunza somo lenyewe kwa kiwango cha kutosha, kisha ikataja ya kuzingatiwa: masharti ya kujiunga, alama za kupita, mtaala, mitihani, huduma za usaidizi, majengo, ratiba. Katika orodha hiyo ndefu, wodi haimo.

Tuingie basi wodini, saa mbili asubuhi, katika hospitali ya umma. Daktari bingwa amesimama upande wa kichwa cha mgonjwa. Daktari mwanagenzi anasoma faili kwa sauti ya chini, haraka, kwa sababu vitanda vilivyosalia ni vingi. Wanafunzi kumi wamebanana miguuni mwa kitanda. Kila mmoja amevaa barakoa. Mwanafunzi mwenye usikivu hafifu, ambaye darasani alikuwa akisoma midomo na kufaulu vizuri tu, hana midomo ya kusoma. Swali linatupwa, linamfikia likiwa limeshajibiwa. Baada ya wiki nane tathmini yake itaandikwa kwamba hashiriki. Barakoa ya plastiki angavu usoni mwa daktari ingesaidia. Ingesaidia pia daktari kugeuka kumtazama anapouliza, na stethoskopu ya elektroniki inayokuza sauti ya moyo au kuionyesha kwenye skrini.

Nani aagize stethoskopu hiyo? Hapa ndipo penye fundo. Chuo kikuu cha umma kiko chini ya serikali ya kitaifa. Huduma za afya ziligatuliwa, na hospitali nyingi anakotumwa mwanafunzi ziko chini ya kaunti. Chuo kikimwandikia mwanafunzi barua ya marekebisho, barua hiyo ina nguvu hadi langoni mwa chuo. Hospitali itasema huyu ni mwanafunzi wenu. Chuo kitasema wodi ni zenu. Mkalimani wa lugha ya ishara anayelipwa na chuo hana kibali cha kuingia chumba cha upasuaji, na hospitali haina bajeti ya kumwajiri mwingine. Mwanafunzi anabaki kuombaomba hisani kwa kila daktari wa zamu, akianza upya kila mzunguko: tiba, upasuaji, watoto, uzazi.

Wenzetu matajiri hawakuepuka fundo hili. Michael Argenyi, mwanafunzi kiziwi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Creighton, Marekani, alikopa zaidi ya dola 100,000 kujilipia huduma za kunakili mihadhara na wakalimani. Alipofika kliniki, chuo kilimkatalia mkalimani hata wa kumlipa mwenyewe. Mwaka 2013 baraza la mahakama liliamua kwamba alibaguliwa. Uingereza ilichukua njia ya mwongozo: waraka wa Baraza Kuu la Tiba wa mwaka 2019 unasema viwango vya umahiri havibadilishwi, ila namna ya kuvifikia na kuvipima yaweza kubadilishwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitetea. Kutambua moyo unaovuja ni kiwango. Kuutambua kwa stethoskopu ya mpira ni mazoea.

Pingamizi zito ni usalama wa mgonjwa, na sitalipuuza. Yapo mambo ambayo mtu fulani hataweza kuyafanya kwa mkono wake, na mwaka wa uanagenzi wa Kenya humtaka kila mmoja apite idara kuu zote. Lakini wodi haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Anayeongoza ufufuaji wa mgonjwa mara nyingi siye anayebonyeza kifua. Tena usalama una upande wa pili. Mgonjwa kiziwi anayekuja na dada yake kumtafsiria hatasema yote mbele ya dada huyo; kwa daktari anayeijua lugha yake angesema. Nairobi ililijua hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Liverpool VCT lilipofungua kituo cha kupima virusi vya UKIMWI kinachohudumiwa na viziwi wenyewe. Wateja walikuja.

Nao wenye ulemavu usioonekana? Mwenye selimundu anayekesha zamu ya baridi, mwenye kifafa, mwenye sonona: wengi hunyamaza, wakihofia kuitwa wasiofaa. Cha ajabu, mtu akitaka kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupelekwa hospitalini kukaguliwa, na daktari ndiye anayetia sahihi. Taaluma yetu ni hodari wa kupima ulemavu wa wengine.

Ninachodai si fedha nyingi. Kila chuo na hospitali inayopokea wanafunzi wake vitie sahihi barua moja kabla ya mzunguko wa kwanza: marekebisho gani, nani atalipa, nani atapigiwa simu yakikosekana. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lifanye barua hiyo kuwa sharti la kuidhinisha hospitali kuwa kituo cha mafunzo. Katika vyuo vyetu vingi mafunzo ya wodini huanza mwaka wa tatu au wa nne. Chuo kina angalau miaka miwili ya kuiandika barua hiyo.