Nachingwea: Mafunzo ya Ufundi Yamfuate Mwanafunzi

Kabla ya shule kujengwa katika nchi ya Wamwera, huko Ruangwa na Nachingwea, mafunzo ya kazi na maisha yalikuwa na utaratibu wake. Wavulana walipitia jando na wasichana unyago, na kila rika lilifundishwa yale ambayo wazee waliamini yanalifaa. Ufundi wa mikono mtoto aliupata kwa kukaa na mkubwa anayeufanya, akaanza na kazi ndogo na kupanda kadiri mkono wake ulivyokomaa. Si yote yanayostahili sifa: unyago ulimwelekeza msichana kwenye ndoa mapema, na kazi nyingi alizuiwa kwa sababu tu ni mwanamke. Hata hivyo, palikuwa na kanuni ambayo mifumo iliyofuata iliisahau mara kwa mara: mwalimu alimjua mwanafunzi kabla ya kuamua amfundishe nini. Hoja ya makala haya ni kwamba mafunzo ya ufundi huota mizizi yanapoanza na hali ya mwanafunzi, na hukauka yanapoanza na haja ya mradi. Historia ya Nachingwea inalithibitisha hilo.

Ushahidi mkubwa ni Mpango wa Karanga. Vita Kuu ya Pili iliiacha Uingereza na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukapendekeza karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni 3 Afrika Mashariki na Kati. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na Urambo na Nachingwea zikafuata. Kusini ndiko kulikotegemewa zaidi: kati ya mashamba 107 yaliyopangwa, kila moja la ekari 30,000, mashamba 55 yalikuwa ya Jimbo la Kusini la Tanganyika. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu. Mpango ulihitaji madereva wa matrekta na makanika, nao wakafundishwa kwa haraka, kwa kipimo cha kile ambacho mashine ilidai. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikafungwa. Aliyejua kuendesha trekta la minyororo alibaki katika vijiji ambako watu walilima kwa jembe la mkono, na karakana ya kumpa kazi ilikuwa imekwisha kuondoka.

Mtu anaweza kupinga kwamba mpango huo uliangushwa na udongo, mvua na mitambo mibovu iliyobaki vitani, si na mafunzo. Ni kweli, na hakuna haja ya kubishana. Lakini swali langu si kwa nini karanga zilishindwa, bali kwa nini kushindwa kwake kulifuta karibu kila thamani ya ujuzi uliofundishwa. Jibu ni kwamba ujuzi huo ulitengenezewa mwajiri mmoja. Shule ya ufundi ya Ifunda, iliyofunguliwa mapema miaka ya 1950, ilifundisha kwa kina zaidi, ila ilikuwa mbali sana, Iringa, na iliwapokea wavulana wachache waliochujwa. Mkulima mwenye familia, au msichana aliyekatiza masomo, hakuwa na nafasi katika njia yoyote kati ya hizo mbili.

Nachingwea hiyohiyo ilishuhudia pia mfano tofauti. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipoweka kambi yao kuu ya mafunzo hapo katikati ya miaka ya 1960, waliwapokea Wamsumbiji wa lugha na viwango vingi vya elimu, wengine wasiojua kusoma. Mafunzo ya silaha yalikwenda pamoja na siasa na kilimo, na mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake likapata mafunzo ya kijeshi hapo. Ilikuwa kambi ya vita, si chuo cha ufundi, lakini ilionyesha kwamba watu wasiofanana wanaweza kufundishwa kwa lengo moja. Kwa upande wa ufundi wenyewe, mwaka 1975 Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, na kusini vikawapo Chilala na Masasi. Viliwalenga watu wazima waliomaliza elimu ya msingi, ili wajifunze useremala, uashi, ushonaji na kilimo, kisha warudi vijijini kwao. Katika miaka ya karibuni, mpango wa Elimu Haina Mwisho umewafungulia vyuo hivyo wasichana walioacha shule, wakiwamo wenye watoto.

Pingamizi zito zaidi ni la viwango. Wapo wanaohofia kwamba kila mwanafunzi akipewa njia yake, cheti kitapoteza maana. Hofu hiyo inachanganya njia na kipimo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani hupimwa kwa kazi aliyoifanya, na akifaulu hupata cheti. Kipimo ni kimoja, njia ni nyingi. Wengine watasema nchi maskini haimudu mafunzo ya namna nyingi. Lakini kupanga masomo nje ya msimu wa kuvuna korosho hakuhitaji jengo jipya, na kumpeleka mkufunzi kijijini kwa wiki chache ni nafuu kuliko bweni lisilojaa.

Kata ya Mkotokuyana wilayani Nachingwea na jirani zake zinahitaji mafundi wa pikipiki, wa mabomba ya kupulizia mikorosho, wa umeme wa jua na wa ujenzi. Wanaoweza kuwa mafundi hao ni vijana waliofeli mitihani, mama wenye watoto mgongoni, watu wenye ulemavu, na wakulima wasioweza kuacha shamba kwa mwaka mzima. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, pamoja na VETA, ziwaulize hao kwanza wanaishi vipi na wana nafasi lini, ndipo zipange kozi, kalenda na mahali pa kufundishia.