Moto Haufiki: Gari la Zamani, Mvua na Watu Wasioandikwa

Kama umekulia kati ya Kasulu na Kibondo, unajua kwamba mvua ya kule haina haraka. Inaanza kuelekea mwisho wa mwaka, na ikishashika inaweza kukaa nawe mpaka Mei inabisha hodi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa bado shule ya msingi, Land Rover ya petroli aliyokuwa akiiendesha baba mdogo ilituzimikia usiku karibu na Nyakitonto. Nyuma tulikuwa na mama mjamzito, uchungu umeshamshika, tunamkimbiza hospitali Kasulu. Tulikuwa ndiyo kwanza tumevuka dimbwi. Gari likakohoa, likamisi mara mbili tatu, kimya.

Baba mdogo akapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, ila haikuwaka.

"Betri nzima," akasema.

Utingo akafungua boneti, akanusa. "Mafuta yapo, kaka."

"Basi zima tochi."

Nikadhani kachanganyikiwa. Nani anazima tochi usiku, mvuani, gari likiwa bovu? Akapiga stata tena, na gizani nikaona vicheche vya bluu vikitambaa juu ya nyaya za plagi. Moto ulikuwepo. Ulikuwa unapotea njiani.

Mfumo ule ulikuwa umetoka mbali. Karibu mwaka 1910, mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, Charles Kettering na wenzake wa kampuni ya Delco walitengeneza mfumo wa kuwasha injini kwa umeme wa betri, na Cadillac wakauchukua. Kwa zaidi ya nusu karne magari mengi ya petroli yalifuata wazo hilohilo. Betri inatoa volti 6 au 12. Pointi zinafunguka na kufunga, koili inaukuza umeme huo mpaka volti 20,000 hivi, kisha distributa, ambayo ndani ya kifuniko chake kuna rota inayozunguka, inagawa moto kwa kila plagi kwa zamu yake.

Sasa, volti 20,000 hazina subira. Zinatafuta njia rahisi. Unyevu ukichanganyika na vumbi juu ya nyaya, au matone yakijikusanya ndani ya kifuniko, moto unapita hapo na kuishia kwenye bodi ya injini. Ukipita mara nyingi unachoma mstari mweusi kama wa penseli, na hapo kukausha peke yake hakutoshi, kwa sababu mstari ule nao umekuwa njia. Ndiyo maana gari linaweza kugoma asubuhi yenye ukungu, kisha mchana likawaka lenyewe kana kwamba halikufanya kosa lolote.

Tusidhani tatizo hili lilikuwa la barabara zetu tu. Uingereza, nchi inayoijua mvua vizuri, ilizindua Mini mwaka 1959 ikiwa na distributa upande wa mbele kabisa, nyuma ya grili, mvua inapopigia. Magari yakawa yanazima barabarani, na madereva wakawa wanaivisha distributa glavu ya mpira, kila waya ukitokea kwenye kidole chake. Mhandisi alichora, mvua ikasahihisha.

Huku kwetu mvua ilifanywa mtihani rasmi. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye dunia iliyajua kama Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya masika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na jina lake limeandikwa panapostahili.

Ila mimi nasoma orodha zile na kujiuliza: utingo yuko wapi? Kwa kila dereva aliyeandikwa kitabuni, barabara za Kigoma, Rukwa na Kagera zilikuwa na watu wengi waliofanya uchunguzi uleule bila saa ya mashindano na bila kombe. Injini inazunguka? Betri siyo. Harufu ya petroli ipo? Mafuta siyo. Waya wa koili unatoa cheche nene ya bluu lakini plagi hazipati kitu? Basi kosa liko kwenye kifuniko au rota. Hakuna aliyewafundisha darasani. Walijifunza kwa kupigwa shoti.

Usiku ule utingo alifungua kifuniko cha distributa, na kweli kilikuwa na jasho ndani. Tambara letu lilikuwa limelowa. Bibi aliyekuwa akimsindikiza mgonjwa akavua khanga yake ya ndani, iliyokuwa bado kavu, akaitoa bila kuulizwa. Wakafuta kifuniko, rota na nyaya, mmoja mmoja, kisha wakafunika kwa nailoni na kufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Stata ya pili, gari likawaka. Tulifika Kasulu. Yule mama alijifungua alfajiri.

Siku hizi njia hiyo inapitwa na Probox, na injini yake haina distributa. Kila plagi ina koili yake juu ya kichwa, hakuna nyaya ndefu za kulowa. Kosa likitokea, fundi anachomeka mashine na kusoma namba. Kuna wenzangu wanaosikitika kwamba ufundi wa zamani unakufa. Mimi siwezi kusikitika sana; nilimsikia yule mama akilia kule nyuma, na kama ningepewa kuchagua, ningemchagulia gari lisilozima.

Ninachodai ni kidogo zaidi. Tukiandika historia ya gari katika nchi hii, tusiishie kwa aliyelitengeneza na aliyeshinda nalo. Tumweke na kijana aliyezima tochi ili aone, na bibi aliyetoa khanga. Bila wao, usiku ule, ya Kettering yangeishia dimbwini.